Usikiite Kibiriti

Koku mwanangu,

Mmeondoka na baba yako kwenda Kaagya kumuaga bibi, nami nimebaki hapa Ijuganyondo na ndizi jikoni na begi lako mlangoni. Begi hilo linanikera. Nililipeleka chumbani, nikaona chumba kimekuwa cha mgeni, nikalirudisha mlangoni. Nimekaa kuandika, nikainuka kuangalia ndizi ambazo hazikuwa na haja ya kuangaliwa, sasa nimekaa tena. Kesho asubuhi unapanda basi la Dar es Salaam na hatujasemezana vizuri tangu Jumapili. Ningeweza kusubiri mrudi tuongee, lakini najijua. Utafungua mdomo, nami nitakusahihisha kabla hujafika katikati ya sentensi. Afadhali niandike.

Habari za kula na kulala, na jinsi ya kushika mkoba mjini, baba yako alizianza jana na sina shaka anaziendeleza hivi sasa njiani. Simwingilii. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili tulipotoka kanisani uliweka kompyuta yako mezani ukaniambia, "Mama, nimekiandika upya." Nilijua unasema nini, kwa sababu katika nyumba hii mtu akisema "kiandike" au "kimegoma" hana maana nyingine ila Kibiriti, ile programu yangu ya wanafunzi. Nikavaa miwani. Nikatafuta mistari yangu, ile niliyoanza kuiandika kabla hujajua kusoma, na sikukuta hata mmoja. Mwaka mzima nilidhani unamalizia viraka nilivyokuachia, kumbe ulikuwa unajenga nyumba nyingine pembeni. Tena ndogo kuliko yangu, na safi. Ndicho hicho walichokipenda hao watu wa Dar wanaotengeneza vikompyuta vya shule, ndicho kilichokupatia kazi. Wamekuuliza kinaitwaje, ukawaambia wasubiri kidogo, mpaka uzungumze na mama.

Uliniuliza kwa adabu kabisa. Nami nikasema, "Fanya unavyotaka, lakini usikiite Kibiriti."

Baba yako aliweka kikombe chini akanisihi. "Waitu, Mama Koku, neno hilo umelitoa wapi?"

Wewe ndiye uliyejibu, tena bila kupandisha sauti. Ulisema, "Mama, kila ninachoandika jioni, asubuhi nakikuta kimebadilika." Ukafunga kompyuta ukaenda kumenya ndizi.

Wiki nzima nimetembea na sentensi hiyo. Darasani nimeandika mlinganyo ubaoni nikausahau katikati, wanafunzi wakaangaliana. Nimekasirika, nimekutetea, nimekasirika upya. Leo nataka nikueleze kule tabia hii ilikotoka. Sikuelezi ili unisamehe haraka. Nakueleza kwa sababu umelelewa nayo, na huko uendako unaweza kuikuta mikononi mwako bila kujua uliitoa wapi.

Nilikuwa darasa la saba pale Kaagya alipokuja mhubiri mgeni kutoka pwani. Hakujua Kihaya hata cha salamu, na wazee wetu wengi hawakujua Kiswahili cha ibada nzima, basi nikasimamishwa pembeni yake niwe mkalimani. Anasema sentensi, ananyamaza, nami naigeuza. Nilikuwa na kiburi cha mtoto anayejua lugha mbili mbele ya ukoo wake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mhubiri alipoanza kuwakaripia. Alisema watu wa huku ni wavivu, wanakaa chini ya migomba kunywa pombe ya ndizi huku wake zao wakilima. Niliwatazama wale wazee, nikamwona babu yako mdogo kwenye benchi la mbele ameshika kofia yake magotini, nikashindwa. Nikasema kwa Kihaya kwamba mgeni anawapongeza kwa migomba mizuri, na anawapa pole akina mama kwa kazi.

Wakasema amina kwa nguvu. Mhubiri akashangaa, akadhani Roho ameshuka, akazidisha ukali. Nami nikazidisha pongezi. Mpaka mwisho kanisa zima lilikuwa linatabasamu na yeye anatokwa jasho.

Marehemu babu yako alikuwa mzee wa kanisa na alijua Kiswahili vizuri. Hakunichapa. Njiani aliniuliza, "Wewe ndiye uliyehubiri leo, au yule?" Nikamwambia nilitaka wasiumie. Akasema, "Wangeumia wakamjibu. Sasa wataamka kesho wakiwa hawajui walichoambiwa." Kisha akaenda mbele yangu, na njia yote iliyobaki nilitazama mgongo wake. Nilicheka sana kisa hiki nilipokuwa mkubwa, na wewe umekisikia kama kichekesho. Sikuwahi kukusimulia sehemu ya mgongo wake.

Samahani, nimeinuka tena. Wingu limefunga upande wa ziwani, nikaanua nguo zako, nikazikunja, nikazikunjua nikazikunja upya kwa sababu mikono haikukubali kukaa.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza Kibiriti ni nini, nami nilikujibu kwa mkalimani yule yule wa kanisani. Mtoto wa kidato cha kwanza anaandika kwa Kiswahili chake, kama hivi fanya vile, rudia mpaka, andika jibu. Kibiriti kinasimama kati yake na mashine. Kinasoma mstari mmoja, kinaiambia mashine, kinasoma unaofuata. Nilikiita hivyo kwa sababu nilitaka kitu cha kutia mfukoni ambacho kinawaka popote, kwenye jiko la tajiri na la maskini. Shule yetu ilikuwa imepewa kompyuta zilizochoshwa na ofisi nyingine, hakuna iliyofanana na mwenzake, na kila programu nzuri tuliyoletewa ilizikataa. Nikasema nitaandika kimoja kidogo kisichochagua mashine. Ndiyo maana Jumamosi tulikuwa tunazunguka mimi na wewe na flashi shingoni, ofisi ya usharika Kaagya, shule ya Buganguzi kwa mama yako mdogo Eliza, popote penye mashine ya zamani, tukiwasha na kuona kama kinawaka. Kwangu huo ulikuwa utamu mtupu. Ulikuwa unakula njugu ukinisomea makosa yaliyotokea kwenye skrini, na mimi naandika.

Ila nilikipa Kibiriti tabia yangu. Mtoto akitaja kitu ambacho hajakieleza, Kibiriti hakikumwambia, "Sikijui." Kilikichukulia kuwa sifuri kikaendelea. Nilifanya hivyo makusudi. Nilikumbuka watoto wanavyokatishwa tamaa na mashine inayowafokea kwa Kiingereza, nikasema changu hakitamwaibisha mtu. Na kweli wanafunzi walikipenda. Walipata majibu ya uongo bila hata kukwaruzwa.

Halafu vikaja vifaranga vya Eliza. Kisa hicho unakijua nusu. Unakumbuka yeye na wanawake wenzake kule Buganguzi walikuwa na banda la vifaranga, na tukawaunganishia mashine moja kuukuu iwashe taa ya joto saa za baridi. Nilijivunia saa ya Kibiriti kuliko kitu kingine chochote ndani yake, kwa sababu ilihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Mashine yoyote inajua saa ya kizungu. Kibiriti kinatoa sita, kikipita kumi na mbili kinazunguka, na mtu anaandika saa kumi alfajiri kama anavyoitaja kinywani. Lakini alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, ukitoa sita kutoka nne ya kizungu unashuka chini ya sifuri. Mashine yangu ya hapa nyumbani ikipewa hasi mbili na kuambiwa izungushe, ilirudisha kumi. Ile ya Buganguzi ilirudisha hasi mbili vile vile. Niliijaribu hapa kwangu, ikawaka, nikaona dunia nzima imewaka. Kule taa ikasubiri saa kumi ya alfajiri, na saa kumi haikufika. Ilifika hasi mbili, ambayo haiko kwenye saa ya mtu yeyote, na Kibiriti hakikusema neno.

Eliza alinipigia. "Dada, njoo uone vifaranga vyetu. Vimekufa vyote, vimelaliana kwenye kona."

Nilikwenda. Nilipata kosa nikiwa nimesimama, bado nina mkoba begani. Nikalirekebisha, nikawaambia wale wanawake kwamba ni umeme wa wilaya yao ya Muleba uliokatika. Walinikaribisha chakula. Nikala. Eliza nilimwambia ukweli baada ya muda mrefu, akacheka kwanza, kisha akaniuliza kwa nini niliwaacha wakalaumu banda lao wakalibomoa. Sikuwa najua kama walilibomoa.

Tangu hapo nimefundisha Kibiriti kusema. Kikikwama kinakwambia kimekwama wapi. Hilo umelirithi katika chako, tena umelifanya vizuri kuliko mimi, maneno yako ni mafupi na hayana kebehi. Nilirekebisha programu, Koku. Mimi mwenyewe sikujirekebisha.

Nakumbuka ile programu yako ya kwanza, ulipokuwa darasa la sita. Ilikuwa inamuuliza mtu jina na umri, kisha inamsalimia kwa Kihaya kulingana na umri wake. Uligeuza alama moja, ikawa inamwamkia mtoto mchanga kama mzee wa ukoo na bibi yako kama mtoto. Ulihangaika nayo mpaka usingizi ukakubeba. Nikaona alama yenyewe, nikaigeuza, sekunde moja tu. Asubuhi ukaiwasha ikasalimia sawasawa. Nilikuwa mlangoni nasubiri kelele za furaha. Ulitazama skrini, ukanitazama mimi, ukasema, "Imepona," ukaenda kunawa uso. Nilidhani furaha imekuzidi. Nimekaa na picha hiyo wiki hii na sasa naona vizuri kilichokuwa usoni mwako. Ulikuwa mtoto aliyepokonywa.

Na sikuishia hapo. Kila ulichoandika ndani ya Kibiriti miaka yote hii, nilipita nyuma yako. Mahali pengine palikuwa na kosa. Pengine palikuwa pazuri ila si kwa mtindo wangu. Sikukwambia, kwa sababu nilitaka usiumie, na kwa sababu, niseme tu, nilipenda kuwa wa mwisho kugusa. Kumbe nilikufundisha kuandika mahali nisipoweza kufika.

Sasa nikueleze wiki hii, maana hapo ndipo aibu yangu ilipo mbichi.

Siku ile ile ya Jumapili nilinakili chako kwenye flashi yangu, kwa kuwa hukunikataza. Jumatatu nikaanza kukitafutia makosa. Sikuwa na nia njema. Nilitoa programu zote za wanafunzi nilizotunza, nikazipitisha humo moja baada ya nyingine, na kila iliyopita salama niliona kama nimekanyagwa. Nilikipa saa ya alfajiri, kikasema kumi. Nilikipa majina yasiyokuwepo, kikanijibu hakiyajui. Nilikipeleka ofisi ya usharika kwenye ile mashine inayonguruma, kikawaka kabla sijavuta kiti. Mchungaji akaniuliza mbona nimekunja uso na kitu kinafanya kazi. Nikamwambia ni kichwa kinaniuma.

Alhamisi niliwaambia naenda kumsalimia Eliza. Nilimsalimia, ni kweli, kisha nikamwomba ufunguo wa chumba cha kompyuta. Ile mashine kuukuu ya vifaranga sasa iko hapo, wanafunzi wanaichezea. Nikawasha chako. Nikapitisha programu zote, zikapita. Nilikuwa nakaribia kukata tamaa nilipofika kwenye ile programu ya ukoo ya mwanafunzi wao mmoja, Byarugaba.

Programu yenyewe unaikumbuka ni rahisi. Unampa jina, inatafuta baba yake, kisha baba wa huyo, inapanda hivyo hivyo mpaka imkose mtu, hapo inataja mzee wa mwanzo. Sasa huyu mtoto ni Byarugaba wa Kaijage, na babu yake naye ni Byarugaba, kwa sababu huku kwetu jina la babu haliachwi lipotee. Akawaandika wote kwa jina moja moja bila kuwatenganisha. Mashine inauliza, Byarugaba ni mtoto wa nani? Wa Kaijage. Kaijage? Wa Byarugaba. Byarugaba? Wa Kaijage. Haitafika kwa mzee wa mwanzo mpaka siku ya mwisho. Na kila swali linafunguliwa ndani ya swali lililotangulia, kila moja linashikilia nafasi yake kwenye kumbukumbu likisubiri jibu, na nafasi haziachiwi.

Kibiriti changu kikifikishwa hapo kinasema kimeulizwa swali ndani ya swali mara nyingi mno, kinaacha. Chako pia, hapa nyumbani kwenye kompyuta yako, kinaacha vizuri na kutaja mstari. Lakini kule Buganguzi skrini iliganda. Haikusema neno. Nilibonyeza kila kitu, mwisho nikachomoa waya ukutani.

Mwanangu, nilifurahi. Nilisimama peke yangu kwenye chumba chenye vumbi nikafurahi kama mtu aliyeokota. Umeweka kikomo cha maswali kwa kupima kumbukumbu ya kompyuta yako mpya, na ile mashine kuukuu inajaa muda mrefu kabla ya kufika kikomo hicho. Ulikijaribu hapa kwako, kikawaka, ukaona dunia nzima imewaka. Nilitaka kukupigia pale pale. Kisha nikakumbuka vifaranga, na furaha ikaniisha yote, nikakaa kwenye kile kiti kibovu.

Lakini sikukaa tu. Nilifungua maandishi yako nikapata mahali penyewe. Ni namba moja. Nikaipunguza, nikawasha upya, na chako kikaongea, kwa upole, kwa maneno yako mafupi. Kilikuwa kimepona. Nikajiambia, mtoto anasafiri keshokutwa, ana wasiwasi wa kutosha, mwache aende na kitu kizima, hatajua. Nikafunga mashine. Nikamrudishia Eliza ufunguo. Tulikunywa chai, akanisimulia habari za shule, sikusikia hata moja. Nikamwomba ufunguo tena. Alinitazama akanipa bila kuuliza.

Nilirudi ndani nikairudisha ile namba kama ulivyoiandika wewe. Nikawasha, skrini ikaganda tena. Nikachomoa waya.

Hivi ndivyo kilivyo mpaka sasa, kwenye mashine ya Buganguzi na kwenye flashi niliyoitia mfuko wa nje wa begi lako. Ukifika Dar, kitafute kosa mwenyewe. Nimekueleza linakotokea. Dawa yake sikuandikii, ingawa kidole kinawasha, na nadhani utapata iliyo bora kuliko ile yangu ya kupunguza namba. Vikompyuta vya hao watu ni vidogo kuliko hata ile ya Eliza, kwa hiyo litakusumbua mapema. Waambie kabla hawajaligundua. Litakuumiza siku moja au mbili. Mimi sitakuwepo kuja nyuma yako asubuhi, na naomba Mungu anisaidie nisitamani kuwepo.

Sitaki uende, Koku. Hilo nalo sijakwambia, nimekuwa nikilitafsiri kuwa mambo mengine, kuwa miwani na mistari na jina. Nyumba itakuwa kimya na nitakosa mtu wa kugombana naye kuhusu kitu ambacho baba yako hakielewi. Nasikia mlango wa nje, nadhani mmerudi, na bibi yako lazima amekubebesha mizigo ambayo basi litaikataa. Nitakuja kuwapokea. Huenda nikakusahihisha jambo kabla hujavua viatu. Univumilie leo.

Wakikuuliza tena kinaitwaje, waambie kinaitwa Kibiriti. Wakiuliza nani amekiandika, taja jina lako, ukomee hapo.

Mama yako